Nyota Iliyozimika Mara Mbili

Dereva wa basi la shule aliitwa Taratibu, na kama ungepanda basi lake hata mara moja usingeuliza kwa nini. Basi lenyewe lilikuwa la njano, kuukuu, mlango wake wa nyuma ukifungwa kwa mpira wa tairi, na mwendo wake ulikuwa wa kupitwa na waendesha baiskeli huku wanapiga kengele kwa dharau. Watoto wakubwa walitoa vichwa madirishani wakawaaga watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, eti kwaherini, tutaonana kesho. Mzee mwenyewe alicheka nao. Hakuwa na haraka na mtu. Wazazi walimpenda kufa, hasa akina mama, maana tangu alipoushika usukani ule hakuna mtoto aliyeshuka hata na mchubuko.

Basi mtu huyu mpole, baba wa watoto wakubwa na babu wa mjukuu mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa na ugonjwa wake. Ugonjwa wa kuwinda mawe. Usicheke. Aliambukizwa na mwalimu wa fizikia wa shule ile ile, kijana mwembamba asiyejua kunyamaza, ambaye jioni moja alimkuta akisubiri watoto wa michezo akamwita atazame kwenye darubini. Mzee aliinama, akatazama, na kwa kweli hakuinuka tena. Mwalimu alimpa darubini ya zamani ya shule, yenye mguu mmoja uliofungwa waya, naye akaibeba nyumbani kwenye kiti cha mbele cha basi, ameifunga mkanda kama abiria.

Mawe yenyewe hayaonekani. Hapo ndipo mkewe alipoanza kumshangaa. Yako mbali kupita sayari zote, kwenye baridi na giza, madogo na meusi kiasi kwamba darubini ya mtu wa kawaida haiwezi kuyapata hata ukikesha mwaka mzima. Lakini mara mojamoja jiwe moja hupita mbele ya nyota, na nyota hiyo huzimika. Sekunde chache tu, kisha inawaka tena. Kivuli cha jiwe hupita juu ya nchi kama wingu linavyopita juu ya shamba, na aliyesimama ndani ya njia yake ndiye anayeiona nyota ikizima. Watu wakijipanga sehemu mbalimbali, kila mmoja akasema kwake ilizima lini na ikawaka lini, wataalamu wa chuo kikuu huunganisha maneno yao na kupata umbo la jiwe ambalo hakuna binadamu aliyeliona. Taratibu alilipenda jambo hilo mpaka likamkosesha hamu ya chakula. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, alisema kwamba wanaume wenzake wana michepuko na yeye ana mawe, afadhali mawe.

Na alimsaidia. Kila kivuli kilipotabiriwa kupita, walitoka wote uani giza likiingia, yeye kwenye kigoda na simu ya kurekodi sauti mkononi, redio ndogo miguuni ikitoa mlio kila sekunde, na mumewe ameinamia darubini. Kazi ya mzee ilikuwa maneno mawili tu. Imezima. Imewaka. Sauti yake na milio ya redio vilirekodiwa pamoja, na hapo chuo kikuu walijua kila kitu walichotaka kujua.

Kuna ufundi mmoja lazima uuelewe, maana kisa chote kimesimama hapo. Nyota hafifu haitazamwi usoni. Ukiikodolea inakukimbia. Unatazama pembeni yake kidogo, kama mtu anayejifanya hamnazo, na hapo inajitokeza. Lakini kila jicho la binadamu, hata la mtoto, lina kidoa kimoja kipofu upande wa sikio, na nyota ikiangukia hapo inapotea bila hatia yoyote. Kwa hiyo wawindaji huiweka nyota upande wa pua. Mwalimu alimfundisha hilo siku ya kwanza, na Taratibu alilishika kama anavyoshika sheria za barabarani. Jicho la kulia, nyota upande wa pua, usipepese.

Jioni ya kisa hiki anga lilikuwa safi kwake. Kwa Mwalimu, kule shuleni, wingu lilijilaza juu ya paa likakataa kuondoka, na wenzao wengine wa mjini nao wakafunikwa. Akabaki mzee peke yake ndani ya njia ya kivuli. Alijua. Mwalimu alishampigia simu akimwambia wote wanamtegemea yeye. Akainama, akaiweka nyota upande wa pua, akatulia. Redio ikalia, ikalia. Muda uliotabiriwa ulikuwa bado.

"Imezima," akasema.

Mkewe alishtuka mpaka simu ikataka kumtoka. Alijua muda bado. Mzee mwenyewe sauti ilimtoka kabla hajafikiri, kama mtu anayepiga chafya. Kisha nyota ikawa ipo, akasema imewaka, na akakaa vilevile. Muda wenyewe ulipofika nyota ikazima kweli, ikakaa gizani, ikawaka. Alisema tena imezima, na tena imewaka. Alipoinuka mkewe alimuuliza ile ya kwanza ilikuwa nini. Akasema hajui. Akaingia ndani bila kuifunika darubini, kitu ambacho hakikuwahi kutokea katika nyumba ile.

Mwalimu aliposikiliza rekodi alichanganyikiwa kwa furaha. Alikuja mwenyewe mbio mpaka kizingitini, hata salamu akaisahau. Kuzima kwa pili kuliangukia palepale palipotabiriwa, kwa hiyo mzee alikuwa makini, hakuwa amesinzia. Basi ile ya kwanza ni nini kama si kitu kingine? Jiwe lina mwezi! Kijiwe kidogo kinalizunguka, hakuna anayekijua duniani, na aliyekigundua ni dereva wa basi letu. Alimkumbatia. Akasema chuo kikuu wanataka neno lake tu, kama ana uhakika. Taratibu akamtazama yule kijana, akasema ana uhakika nyota ilizima machoni pake. Na hilo halikuwa uongo. Mwalimu akaondoka anaimba.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinamla mzee.

Baba yake alikuwa seremala. Alianza kwa kugonga vidole badala ya misumari, watu wakamtania kwamba uzee umeingia. Kisha akawa anagonga fremu za milango kwa bega, upande mmoja, halafu pande zote mbili. Alipopelekwa hospitali waliambiwa ni presha ya macho, ugonjwa unaokula pembeni kwanza, taratibu, bila maumivu, na mwenyewe hajui mpaka umebaki naye katikati. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Daktari alisema pia kwamba ugonjwa huu hutembea katika familia, kwa hiyo watoto nao wakapimwe. Dada zake walikwenda. Yeye alisema atakwenda likizo ya shule. Likizo zikaja, zikaondoka, baba akafa akiwa hajui sura ya kitindamimba wa mwanawe, na mzee hakwenda.

Na kulikuwa na yule mama wa ndoo. Hiyo ilitokea kabla ya nyota, asubuhi ya jua kali, kwenye kona ya kuingilia shuleni. Alikuwa ametazama kushoto, barabara ilikuwa tupu. Angekula kiapo ilikuwa tupu. Mara dada wa basi, yule msichana anayewashusha na kuwapandisha watoto, akapiga kelele na kupiga dashibodi kwa kiganja. Mzee akakanyaga breki kwa miguu yote. Mbele ya bampa alisimama mwanamke, mdomo wazi, na ndoo yake ya plastiki ilikuwa inabingirika barabarani, maji yametapakaa. Hakuguswa. Alimtukana mzee matusi ya kumtosha mwaka, akaokota ndoo akaenda zake. Watoto walicheka mpaka wakakaukiwa. Taratibu alimwambia dada wa basi ni jua, lilimpiga machoni. Dada akakubali. Mzee naye akakubali, kwa shingo upande.

Nyota haina jua la kukupiga machoni. Ndiyo maana tangu jioni ile hakulala vizuri. Kama jiwe lina mwezi, basi macho yake ni mazima na yule mama alijitokeza tu ghafla, kama watembea kwa miguu wanavyofanya. Kama jiwe halina mwezi, basi kidoa kipofu kimeota upande wa pua, mahali ambapo jicho lenye afya halina kidoa, na kila asubuhi anawabeba watoto wa watu akiwa na shimo machoni. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuliombea jiwe kwa Mungu namna ile.

Na jaribio lilikuwa rahisi mno. Hapo ndipo ninapomkasirikia, ingawa nampenda. Ilikuwa aitoe darubini uani jioni yoyote, achague nyota yoyote ambayo hakuna kinachopita mbele yake, aiweke pale pale upande wa pua, atazame. Ikizima, ni jicho. Halihitaji chuo kikuu wala redio. Alilijua hilo tangu usiku ule ule. Lakini jioni ya kwanza alisema amechoka, ya pili akasema kuna vumbi hewani, na anga lilipokuwa safi mpaka linatisha, akasema mguu wa darubini unahitaji waya mpya. Mkewe alisikia yote hayo akiwa ameinamia cherehani. Hakusema kitu, na kwa mwanamke yule kunyamaza kulikuwa habari.

Barabarani alizidi kupunguza mwendo. Alianza kugeuza kichwa kizima kama bundi, kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka dada wa basi akamuuliza kama shingo inamuuma. Alimwambia akae mbele, karibu naye, amsaidie kutazama. Akasema ni kwa sababu siku hizi pikipiki zimezidi. Nyuma yake alikaa mjukuu wake, na pembeni ya mjukuu alikaa mtoto wa Mwalimu, mdogo, mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo, aliyeweka kidevu kwenye kiti cha dereva na kuuliza maswali kuhusu mwezi wa jiwe. Je, una jina? Je, babu atauita nani? Mzee alijibu huku jasho jembamba linamtiririka, maana kila akijibu alihofia kwamba hapo hapo, upande ule, kuna mtu anavuka.

Habari za mwezi zikamfikia mwalimu mkuu, naye hakuwa mtu wa kuacha sifa ya shule ipite bure. Alisimama mbele ya wanafunzi wote, akamwita Taratibu mbele, wakampigia makofi mpaka mabati yakatetemeka. Kisha akatangaza kwamba shule itakwenda kilimani, pale penye mnara wa simu, kutazama nyota. Wataondoka mchana, watatazama giza likiingia, watarudi usiku huo huo. Na atakayewapeleka ni nani, kama si mgunduzi mwenyewe? Watoto wakapiga mayowe. Mzee alitabasamu kwa meno tu. Aliijua barabara ile. Inajizungusha kilimani kona baada ya kona, haina kingo, na upande wa kushoto wakati wa kushuka kuna korongo.

Angekataa. Mimi na wewe tuliokaa hapa tunasema angekataa. Lakini kukataa kunataka sababu, na sababu ilikuwa moja, na akiitaja hatakuwa mgunduzi wala dereva wala Taratibu tena. Atakuwa mzee anayegonga milango kwa bega. Akanyamaza. Siku zikasogea, akawa anakula tonge mbili na kusukuma sahani. Mjukuu akamwonyesha begi alilolipanga kwa safari, na ndani mlikuwa na sweta na tochi, na mzee alikwenda chooni akajifungia akalia kimyakimya, ameuma kitambaa.

Jioni ya kuamkia safari, mkewe alizima cherehani kazi ikiwa nusu. Akaenda stoo, akaibeba darubini mwenyewe, na mguu wake wa waya, akaisimamisha uani. Kisha akaweka kigoda chake pale pale kinapowekwa siku zote. Redio hakuchukua.

"Njoo," alimwambia. "Leo tazama nyota ambayo haina jiwe."

Mzee alisimama mlangoni akauliza anamaanisha nini. Mkewe akamjibu kwa sauti ya chini, bila ukali wake wa kawaida, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alisema ameisikiliza ile rekodi peke yake mara nyingi kuliko Mwalimu. Alisema kwa miezi sasa anaona vikombe vinawekwa ukingoni mwa meza, na kigoda kikiwa kushoto lazima kipigwe teke, na akimpa kitu kutoka upande huo mzee hakipokei mpaka asemeshwe. Alidhani ni mawazo. Halafu akamwona anageuza shingo kama bundi na kukwepa anga safi. Yeye si mjinga. Na mjukuu wake ndiye anayekaa nyuma ya kile kiti.

Basi mzee akainama. Alichagua nyota ya kawaida tu, juu ya paa la jirani, isiyotabiriwa chochote na mtu yeyote. Akafumba jicho la kushoto. Akaiweka nyota upande wa pua, kama alivyofundishwa. Ikawaka. Akasikia faraja inampanda mwilini, akataka kucheka. Akasogeza jicho kidogo, kiasi cha unywele.

"Imezima," akasema.

Mkewe alimsogeza kwa bega, akainama yeye, akatazama. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mzee alimwona mgongo wake unapanda na kushuka.

"Ipo," alisema mkewe. "Inawaka."

Wakarudia. Wakabadilisha nyota. Wakabadilisha jicho, na jicho la kushoto nalo lilikuwa na shimo lake, kubwa kuliko la kwanza, likameza nyota na majirani zake wote. Mzee akawa anasema imezima, mkewe anatazama anasema ipo, imezima, ipo, mpaka sauti ya mwanamke ikakatika na akashindwa kuendelea. Hakulia kwa sauti. Alimshika mumewe kiunoni kama anavyoshikwa mtu aliyesimama ukingoni.

Alipoweza kuzungumza, mzee aliomba simu. Mwalimu alipokea kwa furaha, nyuma yake kelele za mtoto wake aliyekataa kulala kwa sababu ya safari. Mzee alimwambia afute ile ya kwanza. Mwalimu akacheka, akadhani ni unyenyekevu, akaanza kumweleza kwamba chuo kikuu wamekwisha kuelekeza darubini kubwa kulitafuta lile jiwe. Mzee akamkatiza.

"Hakuna mwezi, Mwalimu. Kilichozima ni jicho langu. Tumejaribu sasa hivi na mama, kwa nyota za bure. Macho yote mawili. Basi la kesho mtafutie dereva mwingine."

Mzee alisikia Mwalimu anamwambia mtu anyamaze, kisha mlango unafungwa. Kelele za mtoto zikaisha.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

Swali hilo mzee hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa masikitiko ya mwezi. Lakini aliyeuliza hakuwa tena mtu wa mawe, alikuwa baba wa yule mtoto mwenye mkoba mkubwa, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Mzee angeweza kusema leo. Ilikuwa karibu kuwa kweli. Mkewe alikuwa amesimama kimya mahali fulani karibu naye, anasikiliza, na giza la uani lilikuwa limeshakuwa zito.

Alisema tangu yule mama wa ndoo. Akaeleza. Alieleza kona, jua ambalo halikuwa sababu, dada wa basi, breki. Alieleza habari ya baba yake na ya daktari na likizo za shule. Akasema na baada ya nyota kuzima alijua, au alijua nusu, na aliendelea kuwabeba watoto asubuhi na mchana kwa sababu aliogopa. Hakutafuta neno zuri kuliko hilo. Upande wa pili Mwalimu alikuwa anapumua kwa nguvu, kama mtu aliyekimbia.

"Kila siku anakaa nyuma yako," Mwalimu alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Funguo za basi ziko wapi?"

"Ninazo mfukoni."

"Mpe mama. Nakuja."

Simu ikakatika. Mzee hakujua anakuja kwa shari au kwa heri. Alizitoa funguo mfukoni, zile funguo zenye kipande cha ngozi kilichochakaa kwa vidole vyake, akanyoosha mkono ampe mkewe. Mkono ukabaki hewani. Aliunyoosha zaidi, akapapasa, akashika hewa tupu, na hofu ikampanda kwamba ameachwa peke yake pale uani.

"Niko huku," alisema mkewe, kutoka kushoto kwake, karibu kabisa. Alikuwa hapo muda wote. Akazichukua funguo.